Karai la Maji

Jumamosi, saa tatu, Kiloleni.
Darasa la tatu B tumeazimwa na mwalimu mkuu,
madawati yamesukumwa ukutani,
ubaoni bado pana hesabu za Ijumaa.
Mama Nyanzala anakuja na uji wa ulezi,
binti wa ustawi wa jamii na kalamu za rangi,
mimi nakuja na karai, msasa, solusheni
na mipira ya baiskeli iliyotoboka.

Sikusomea maneno.
Semina ilikuwa siku tatu, nimeshika jambo moja:
usimwambie mtoto "nyamaza."
Mimi niliambiwa, mwaka ule wa mama.
Nilikuwa na miaka minane, uani pamejaa watu,
na kila mjomba aliyeingia alinigonga bega:
jikaze, wewe mwanamume.
Nikajikaza.
Nimejikaza miaka arobaini na mmoja;
mke wangu anasema nikilala
meno yanasaga kama mnyororo mkavu.

Basi nikajiandikisha. Posho hakuna.
Kijana wa kibandani kwangu akacheka:
"Fundi, unakwenda kuwaziba watoto pancha?"

Wanakuja kumi na wanne, siku nyingine tisa.
Mihayo, ambaye baba yake hakurudi na lori la tumbaku kutoka Urambo,
anachora lori tu, kila wiki, halina dereva.
Kalunde anataka asikilizwe akihesabu vitenge vya mama yake:
saba, na kimoja shangazi amekichukua bila kuomba.
Wengine wanacheza kombolela mpaka wanasahau,
kisha wanakumbuka ghafla, wanasimama katikati ya uwanja
kama mtu aliyesikia akiitwa.

Na yule wa kona, gauni la njano.
Siku ya kwanza nilimwuliza: unaitwa nani?
"Doto."
Nami, mdomo wangu huu, kwa mazoea ya Tabora nzima:
"Na Kulwa yuko wapi?"

Ee Mungu wangu.
Hakulia. Alinitazama tu,
kama anavyotazamwa mtu wa mia kuuliza.
Jina gani hili, kila likiitwa
linaita na mwingine?

Usiku ule sikulala.
Jumamosi iliyofuata niliweka karai mbele yake,
nikakaa chini, nikanyamaza mimi.
Nikaujaza mpira upepo, nikauzamisha
kipande kwa kipande, polepole,
mpaka vipovu vikapanda,
vidogo, vimefuatana,
mahali ambapo pakiwa pakavu huoni kitu.
Akaweka kidole. "Hapa."
Neno lake la pili kwangu.

Wiki tano tumeziba. Ana mkono mzuri:
hapaki solusheni kwa pupa,
anaipulizia, anaisubiri ikauke ndipo abandike kiraka.
Nikajidai mwalimu. Nikasema,
unaona, Doto, hata moyo wa mtu...
Akanikata: "Kulwa si mpira."
Kweli. Kulwa si mpira.
Nikaomba radhi, nikampa msasa.

Akasugua. Halafu, bila kuinua uso:
"Alikuwa anakaa mbele, kwenye fremu.
Mimi nyuma, kwenye keria.
Kwa sababu yeye mkubwa.
Dakika kumi tu, lakini mkubwa.
Sasa baba akinibeba anasema chagua.
Mimi sijui."

Sikuwa na jibu.
Maji yalikuwa yametulia karaini,
mchanga chini, kipande cha dirisha juu.
Mama Nyanzala akaita watu wa uji.
Doto akauzamisha mpira mara moja zaidi,
akautoa, akausogeza sikioni,
akangoja.
Kisha: "Wiki ijayo utaleta ule wa ishirini na nane?"

Nitaleta.
Nimeandika kwa chaki ukutani kibandani,
chini ya madeni ya watu:
Doto, ishirini na nane, Jumamosi.
Jana mteja kauliza, huyu naye anadaiwa kiasi gani?
Nikamwambia, anayedaiwa si yeye.